Gari Lililoachwa: Peugeot 404 ya Nyumbani Kwetu na Mwaka 1972

Katika muhula wa kwanza wa mwaka wa pili, mhadhiri wetu wa historia alitupa kazi ambayo wengi tuliiona nyepesi: kila mwanafunzi atafute chanzo cha historia ambacho si kitabu wala si mahojiano, akichunguze, kisha aandike kinasema nini. Wenzangu walichagua majengo, makaburi, sarafu na ngoma. Mimi nilichagua gari bovu lililokuwa limekaa bandani kwa bibi yangu, karibu na Kalisizo katika wilaya ya Kyotera, kusini mwa Uganda, tangu kabla sijazaliwa. Kazi ya darasani ilikwisha kwa kurasa nane. Kazi ya kulifufua gari imekula likizo tatu, na ndiyo ninayoieleza hapa, kwa sababu niliyoyaandika katika kurasa zile nane hayakuwa kweli.

Hadithi niliyokua nayo ni hii. Babu alikuwa mkulima wa kahawa na karani. Mwaka 1970 aliuza mavuno mazuri, akanunua gari, akawa miongoni mwa watu wa kwanza kijijini kuwa na gari lao. Hadithi hii ilisimuliwa katika kila harusi na kila mazishi ya ukoo wetu, na msimuliaji wake mkuu alikuwa baba mdogo. Mimi niliichukua kama nilivyoipokea, nikaongeza maelezo ya bei za kahawa na vyama vya ushirika, nikapata alama nzuri.

Gari lenyewe ni Peugeot 404 ya mwaka 1968. Kiwanda kilianza kuyauza magari ya aina hii mwaka 1960, yakiwa na umbo lililochorwa na Pininfarina wa Italia, na Afrika Mashariki iliyapenda kwa sababu moja kubwa: mashindano ya Safari. Mwaka 1963 magari 84 yalianza mashindano hayo na 7 tu yakamaliza. La kwanza lilikuwa 404 la Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 na 1967 walishinda Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania, tena kwa 404. Mwaka 1968 Nowicki na Cliff wakarudia, na mara hiyo pia magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7. Mtu aliyekuwa na duka au shamba na aliyejua barabara za matope za Buddu hakuhitaji tangazo jingine.

Nililikuta likiwa limetulia juu ya matofali manne. Kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Vioo vilikuwa vizima isipokuwa kimoja. Chini ya milango, mahali ambapo bati limekunjwa kama mfereji, palikuwa pamejaa udongo mwekundu na nyuzi za migomba, na nilipoingiza bisibisi ilipenya mpaka kwenye mpini. 404 haina chesisi ya kujitegemea kama lori. Mwili wenyewe ndio mifupa, kwa hiyo kutu ya pale si suala la urembo. Vifaa vyangu vilikuwa seti moja ya spana za kuazima, jeki ya lori, burashi ya waya, msasa na dumu la mafuta ya taa. Ufundi sikuwa nao.

Injini ilikuwa imekwama, haizunguki hata kidogo. Plagi za gari hili zimezama ndani ya mabomba manne marefu juu ya injini, na spana ya kawaida haizifikii, hivyo nilimpelekea mchomeleaji wa Kalisizo spana ya plagi na kipande cha bomba airefushe. Nilipozitoa, nilimimina dizeli iliyochanganywa na oili katika kila silinda, nikaacha. 404 ina tundu mbele la kuingizia hendeli, yaani kile chuma cha kuwashia gari kwa mkono. Kila asubuhi nilikwenda kukisukuma. Siku ya tisa kilisogea upana wa kidole, jioni kikazunguka mzunguko mzima.

Kwa furaha nikafanya kosa ambalo fundi yeyote wa Peugeot atalicheka. Nilifungua silinda hedi, nikazungusha hendeli nione pistoni zikipanda na kushuka. Sikujua kwamba silinda za injini hii si matundu yaliyotobolewa katika bloku. Ni mabomba ya chuma yanayochomoka, mafundi huyaita slivu, yaliyosimama ndani ya maji ya kupozea injini, na chini ya kila moja kuna gasketi nyembamba. Hedi ikishaondolewa hakuna kinachoyabana. Pistoni zilipopanda zilinyanyua slivu mbili pamoja nazo, kidogo sana, kiasi ambacho jicho langu halikukiona. Nikafunga kila kitu, nikajaza maji, nikalala. Asubuhi oili kwenye kijiti cha kupimia ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Ndipo nilipokwenda kumwomba mzee fundi wa senta yetu. Ana zaidi ya miaka sabini na macho yamempungua, lakini mikono bado inaona. Alicheka kwanza, kisha akakasirika, kisha akaniagiza nilete bolti nne na washa pana, akanionyesha jinsi ya kuzibana slivu kabla ya kugusa chochote. Aliyajua haya kwa sababu ujanani, miaka ya sitini, alikuwa spana boi katika gereji ya Muhindi mmoja mjini Masaka. Ringi za pistoni zilikuwa zimekwisha, na alinitolea nyingine kutoka katika injini ya 504 iliyokufa nyuma ya nyumba yake. Nilibisha, akaniambia nipime. Kipenyo cha silinda za 504 za mwanzo ni kilekile, milimita 84; kilichoongezeka ni mwendo wa pistoni kwenda juu na chini. Akiwa ameinama juu ya injini alisema, kama mtu anayejisemea, "Hili nililimwaga oili mimi mwenyewe nikiwa kijana." Nilidhani anasema kuhusu gari la Babu.

Upigaji msasa ndio ulioanza kuniharibia hadithi. Kwa nje gari lilikuwa la kijivu, na kijivu chenyewe kilikuwa rangi ya mafuta ya kupaka milango na madirisha ya nyumba, iliyopakwa kwa burashi. Alama za nywele za burashi zinaonekana mpaka leo. Chini yake kulikuwa na rangi nyeupe ya kiwandani. Kati ya tabaka hizo mbili hapakuwa na kutu, hapakuwa na puti, hapakuwa hata na mkwaruzo mkubwa. Yaani kijivu kilipakwa wakati nyeupe ingali nzima inang'aa. Nikajiuliza: mtu aliyeuza kahawa ya mwaka mzima akanunua gari, kwa nini alipake rangi ya mlango?

Wiki mbili baadaye nilifungua ubao wa ndani wa mlango wa nyuma, upande wa kushoto, ili nifikie mashine ya kioo. Chini kabisa ya mlango, juu ya udongo, palikuwa na kipande cha penseli, senti kumi ya zamani yenye tundu katikati, na kadi ya gereji ya kubadilishia oili. Kadi ilikuwa imeliwa pembeni na mende lakini maandishi ya wino yalisomeka: tarehe 17 Julai 1972, maili 41,260, na jina la mwenye gari. Lilikuwa jina la Kigujarati. Silitaji hapa, kwa kuwa ni la mtu binafsi, na huenda watoto wake wangali hai.

Kwa wasomaji wa nchi jirani ambao hawaishi na tarehe hizi, naeleza kwa kifupi. Tarehe 4 Agosti 1972, siku kumi na nane tu baada ya oili ile kubadilishwa, Idi Amin aliwatangazia askari huko Tororo kwamba Waasia wenye pasi za Uingereza wataondoka Uganda. Waliongezwa wengine baadaye, na muda wa mwisho ukawa tarehe 8 Novemba. Waliondoka watu wapatao 50,000. Zaidi ya nusu yao walikwenda Uingereza, maelfu wengine Kanada na India na kwingineko. Waliruhusiwa kuondoka na pesa kidogo sana, kiasi cha paundi 50 hivi kwa familia, na mali waliyoiacha waliijazia fomu. Barabara ya Entebbe ilikuwa na vizuizi vya askari, na vingi vya vizuizi hivyo vilikuwa mahali pa kunyang'anyia. Maduka, viwanda na nyumba viligawiwa na kamati za serikali. Mwaka 1973 ikaja amri kuhusu mali za Waasia walioondoka, na Bodi ya kuisimamia mali hiyo. Wale waliogawiwa waliitwa kwa jina la Kiswahili ambalo Waganda wote wanalijua, *mafuta mingi*. Kosa la upatanisho wa kisarufi limo ndani ya jina lenyewe, nasi tunaosoma Kiswahili hatuna ruhusa ya kulisahihisha.

Nilikwenda na kadi hiyo jikoni kwa Jjajja. Alikuwa anamenya matooke. Katika Buganda bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume wake, kwa utani, na Jjajja huniita hivyo tangu utotoni. Aliitazama kadi bila kuishika, akaendelea kumenya, kisha akasema, "Mume wangu, kumbe umefungua mpaka milango?"

Aliyonieleza nayaandika hapa kwa Kiswahili, ingawa yeye mwenyewe hakipendi. Kwake Kiswahili ni lugha ya vizuizi vya barabarani na ya *panda gari*, yaani ile misako ya miaka ya mwanzo ya themanini ambapo askari walikusanya watu na kuwapakia kwenye malori. Kaka yake alipakiwa Kampala, hakurudi. Nilipoanza kusoma Kiswahili chuoni aliniuliza kama walimu wetu ni wanajeshi.

Kwa maelezo yake, mwenye gari alikuwa na duka na ghala la kununulia kahawa, na Babu alikuwa karani wake, anaandika uzito wa magunia. Usiku mmoja wa Oktoba 1972 yule bwana alikuja nyumbani na mke wake na mabinti wawili. Babu aliwaendesha mpaka Entebbe katika gari lao wenyewe, yeye akiwa amevaa kama dereva wa kuajiriwa. Walisimamishwa mara tano. Kizuizi cha kwanza kilichukua redio, cha pili saa ya mkononi, na kilichofuata kikavua bangili za wasichana. Gari halikuchukuliwa, na Jjajja hajui kwa nini. Babu alirudi nalo peke yake usiku wa pili, akaliingiza bandani, na kabla ya mwaka kwisha akalipaka kijivu ili lisifanane na gari la mtu mwenye pesa. Wakati wa kuagana, yule bwana alimwambia: "Litunze. Tukirudi tutalikuta."

Jioni hiyo nilimpigia simu baba mdogo. Hakukana. Alisema kwamba yeye pia ameisikia habari hiyo, ila sentensi ile ina nusu ya pili: "Tusiporudi, ni lako." Wao hawakurudi. Kwa hiyo gari ni letu, na hadithi ya mwaka 1970 ni namna tu ya kuzuia midomo ya watu. Baba mdogo alikuwa na umri wa miaka minne mwaka 1972. Nilimwuliza nani alimwambia nusu hiyo ya pili. Akanijibu kwamba aliambiwa na Babu. Jjajja anasema Babu hakuitamka kamwe.

Mzee fundi naye ana yake. Nilipomwuliza kwa nini hakunieleza waziwazi, alisema sikumwuliza. Anavyojua yeye, yule Muhindi alikuwa hajamlipa Babu mshahara wa miezi mingi, na gari lilikuwa malipo. Si zawadi wala si amana. Deni limelipwa, basi.

Kununuliwa kumeshaondoka, kwa hiyo nina simulizi tatu: amana, zawadi na deni. Nilijaribu kufanya kile tulichofundishwa, kuuliza chuma badala ya watu. Kipima mwendo cha gari kilikuwa kimesimama kwenye maili 44,018. Ukitoa zile za kwenye kadi zinabaki 2,758. Nakiri kwamba nilipopata hesabu hiyo sikulala. Maili chini ya elfu tatu kwa miaka yote hiyo! Mtu aliyelichukua gari kwa tamaa angeliendesha mpaka life. Huyu alilifunika, akalitoa kwa nadra. Niliona nimethibitisha kwamba lilikuwa amana.

Siku tatu baadaye nililala chini ya gari kusafisha gia boksi, nikaikuta kebo ya kipima mwendo imekatika, ncha zake zimeliwa na kutu ya zamani. Ilikatika lini sijui, na hakuna wa kujua. Huenda gari lilitembea maili elfu tatu, huenda elfu thelathini.

Chuma kingine kikazungumza kinyume kabisa. Katika mshono wa tangi la petroli palikuwa na kitu kigumu cha manjano kilichosindiliwa kwa kidole. Alama ya kidole bado ipo. Nilidhani ni gundi. Nilipokikwangua na kukilowesha kilitoa povu. Ilikuwa sabuni ya kufulia. Madereva wa zamani waliitumia kuziba tangi linalovuja, kwa sababu petroli haiiyeyushi. Sakafu ya upande wa abiria nayo ilikuwa imezibwa kwa bati la kopo la mafuta ya kupikia, limepigiliwa kwa ribiti. Mwanahistoria hawezi kupita hapo haraka. Sabuni, sukari na chumvi ndizo bidhaa zilizotoweka madukani katika miaka ya magendo, baada ya wenye maduka kufukuzwa na waliogawiwa maduka kuuza kilichokuwemo bila kujua pa kuagiza kingine. Vipuri navyo vilikuwa shida ileile. Mtu aliyesindilia sabuni katika tangi la petroli wakati watu wanafua kwa majivu alikuwa anakwenda mahali penye haja kubwa kuliko nguo safi. Kwa hiyo gari lilitembea, na lilitembea katika miaka hiyo hasa.

Nilimrudia Jjajja. Safari hii hakusita. Gari lilitoka usiku, alisema, na halikutoka kwa starehe. Februari 1979, majeshi ya Tanzania yalipopita huku kwetu kutoka Mutukula kuelekea Masaka, kijiji kizima kilihamia mashambani, na Babu aliwapeleka majeruhi wawili Kitovu kabla mji haujaanguka tarehe 24. Waliosoma historia ya vita vya Kagera wanajua kilichoipata Masaka baada ya hapo: majengo yalilipuliwa moja baada ya jingine kulipiza yale ambayo askari wa Amin walifanya Kagera. Duka la yule bwana lilikuwa miongoni mwa yaliyoporomoka. Mwaka uliofuata shangazi yangu alizaliwa katika kiti kile cha nyuma, cha kuku, kabla hawajafika hospitali. "Na sabuni," alisema Jjajja, "ilikuwa kipande changu cha mwisho. Nilimtukana babu yako siku mbili." Mwaka 1982 alilipandisha juu ya matofali, kwa sababu kila kizuizi kilikuwa kinataka kujua mwenye gari ni nani.

Swali hilo la askari ndilo lililobaki kwangu pia. Jjajja anaficha makaratasi katika bati la majani ya chai, na humo kulikuwa na kitabu cha usajili wa gari. Jina lililomo ni la kwenye kadi. Babu hakuwahi kulibadilisha. Kwa mujibu wa amri ya 1973, gari lilipaswa kuwa chini ya Bodi. Babu hakulipeleka, kwa hiyo mbele ya sheria ya wakati ule alikuwa ameficha mali ya serikali. Sheria ya 1982 kuhusu mali zilizotaifishwa ilifungua njia ya wenyewe kudai vyao, na katika miaka ya tisini majengo mengi ya Kampala na miji mingine yalirudishwa. Kuhusu gari moja la kijivu bandani, hakuna aliyekuja kuuliza.

Ningependa sana kuandika kwamba kitabu hiki kinathibitisha amana. Mtu aliyepewa zawadi, au aliyelipwa deni, angeandikisha jina lake. Lakini najua pia kwamba kwenda ofisini na kitabu chenye jina la Kihindi mwaka 1973 kulikuwa hatari hata kwa mtu mwenye haki. Kutobadilisha jina kunaweza kuwa uaminifu, kunaweza kuwa woga. Na kuna jambo jingine linalonifanya nijishuku. Nimezungumza na wanafunzi wenzangu wa Buganda na Busoga ambao familia zao zina kiti, cherehani, hata nyumba ya "Muhindi aliyeondoka". Karibu wote wameambiwa kwamba alimwachia babu yao kwa mapenzi. Haiwezekani mababu wote walikuwa watunzaji wa amana na wanyang'anyi wote walikuwa mababu wa watu wengine. Mjukuu humkuta babu yake hana hatia kwa urahisi mno.

Ninachoweza kukitetea ni kidogo. Gari lilikuwa la mtu mwingine mpaka angalau 17 Julai 1972. Lilibadilishwa sura likiwa zima, kwa makusudi. Lilitumika katika miaka ya uhaba. Halikuandikishwa kwa jina letu. Vitabu tulivyosoma shuleni vina watu wa aina mbili katika mwaka 1972, waliofukuzwa na waliogawiwa, na Babu haingii vizuri katika aina yoyote. Jjajja anasema barua ilikuja mara moja, mwaka 1974, kadi yenye picha ya theluji. Babu aliisoma, akaichoma siku hiyohiyo, kwa kuwa barua kutoka nje ilitosha kumleta mtu wa State Research na gari lenye namba za UVS. Anwani iliungua pamoja nayo.

Kazi ya mikono iliendelea wakati haya yote yakisemwa. Nilichomelea mabati mapya chini ya milango, kwa msaada wa yule mchomeleaji, tukipima mara kwa mara milango isije ikakataa kufunga. Breki nilizifungua zote nne. Difu sikuigusa zaidi ya kubadilisha oili. 404 haina meno ya chuma kwa chuma kama magari mengi, ina skrubu nene ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba, na mzee fundi alinionya kwamba nikiharibu hilo sitapata jingine Kampala nzima. Kabureta ilijaa mchanga wa mavi ya nyigu. Injini iliwaka mara ya kwanza Jumapili moja saa kumi jioni, ikatoa moshi mwingi kiasi kwamba majirani walidhani banda linaungua, na Jjajja alitoka jikoni akasimama mlangoni mikono imeshika kiuno mpaka nilipoizima.

Ugomvi ulikuja juu ya rangi. Baba mdogo anataka gari liwe jeupe. Magari ya zamani yanakodishwa harusini kwa pesa nzuri, na amekwisha kupata mtu wa Kampala anayetaka kulinunua. Katika kazi ya kufufua magari, kanuni ya wengi ni kulirudisha kama lilivyotoka kiwandani, kwa hiyo hata watu wa fani wako upande wake. Mimi nilimwambia kwamba nyeupe ni gari la yule bwana na kijivu ni gari la Babu, na nikikwangua kijivu chote nitakuwa nimefuta karatasi pekee ambayo Babu aliiandika. Alinijibu kwamba nasoma shule ya kuitia familia doa. Kikao cha ukoo kilikaa Desemba, kikakubaliana mambo mawili tu: gari lisiuzwe kwa sasa, na mimi niendelee na injini. Rangi haikuamuliwa. Upande wa kulia ni mweupe, nilikuwa nimeshaumaliza. Upande wa kushoto, buti na ule mlango wa kadi vimebaki kijivu.

Haliwezi kwenda barabarani. Ili liandikishwe upya inatakiwa sahihi ya mwenye jina katika kitabu, au amri ya mahakama, na Jjajja hataki mahakama. Nimeandika barua nne kwa watu wenye jina hilo la ukoo huko Uingereza na Kanada. Nimejibiwa moja, ya mama mmoja mpole aliyesema si familia yake, baba yake alikuwa Jinja, lakini akauliza kama nyumba zenye baraza katika barabara kuu ya Masaka bado zipo. Nilimjibu kuhusu nyumba hizo, nikamtumia picha mbili. Gari huliwasha kila Jumamosi ninapokuwa nyumbani, dakika kumi, ndani ya ua. Kitabu kimerudi katika bati la majani ya chai.